Mara Tatu Ziwani

Safari ilikuwa imelipiwa tangu Januari,
kabla baba hajahamia chumba cha juu ya duka la baiskeli.
Pesa haitarudi, mama akasema, twendeni.
Tukapanda treni ya usiku hadi kaskazini kabisa mwa Uswidi,
wanne, na mahema mawili
badala ya lile moja la kijani.

Nilikuwa na miaka tisa. Shanta langu
lilibeba soksi, chokoleti, na kikombe cha bati
kilichogonga zipu kila hatua: ti, ti, ti,
hadi dada yangu Tyra akakivika soksi
bila kuniuliza. Yeye alikuwa na kumi na sita,
na tangu Februari hakuwa amempa baba
neno lililozidi silabi mbili.

Siku ya kwanza: mbao. Mbao mbili mbili
zilizolazwa juu ya kinamasi,
zikinesa chini ya buti kana kwamba zinapumua.
Mbu walitugawana sawasawa,
bila wakili.

Usiku haukuwa usiku. Jua lilifika ukingo wa milima
likakataa kuzama, kama mgeni aliyekwisha aga
na bado yuko mlangoni, ameshika kitasa.
Ndani ya hema niliona kila kitu:
mishono, mbu mmoja, macho ya mama yaliyo wazi.
Kutoka hema la pili, kikohozi cha baba,
kikohozi kilekile, chenye anwani nyingine.

Siku ya pili mvua ilikuja kwa ubavu. Sina zaidi.

Siku ya tatu njia iliingia majini.
Ziwa la kilomita nzima, limetulia kama chai kikombeni,
na kibao kilichochongwa sheria:
boti ni tatu; pasikose moja ng'ambo hii,
pasikose moja ng'ambo ile.
Upande wetu ilikuwapo moja tu.

Mama akahesabu kwa vidole, akahesabu tena.
Ukivuka na hiyo ya pekee, ajaye nyuma yako
atasimama hapa na mzigo wake na njaa yake.
Kwa hiyo: vuka. Funga boti ya pili kwa kamba.
Irudishe. Iache. Vuka tena.

"Hakuna mtu nyuma yetu," nikasema.
Baba akafuta miwani kwa ncha ya shati.
"Yupo, Elof," akasema. "Hatujamwona tu."

Tukavuka wote. Ng'ambo, baba akapiga fundo
kwa mikono iliyotoka malengelenge.
Ndipo Tyra, ambaye hakuombwa,
akarudi botini, akasimama mbele yake.
"Sogea," akamwambia,
akachukua kasia la kushoto.
Nilizihesabu. Silabi tatu.

Mama nami tukakaa juu ya jiwe.
Mwanzoni boti ilizunguka tu,
kasia la hasira likilishinda kasia la uchovu,
na ile ya pili ikifuata nyuma kwa kamba yake
kama mtoto asiyejua anapelekwa wapi.
Kisha ikanyooka.
Juu ya maji tulivu sauti husafiri, maneno hayasafiri.
Mara moja tulisikia kitu: kilio,
au kicheko, au ndege wa majini.
Mama akasimama. Kisha akaketi,
akanimegea chokoleti yote iliyobaki.

Walirudi macho mekundu.
"Upepo," akasema Tyra.
"Mkali," akasema baba.
Ziwani hapakuwa na kiwimbi hata kimoja.

Jioni, tukipiga kambi kilimani, niligeuka:
ng'ambo tuliyotoka, nukta nyekundu, shanta la mtu,
ikishuka polepole kuelekea boti.
Sikumwambia yeyote.

Wazazi wangu hawakurudiana.
Lakini asubuhi ya nne Tyra alikosa soksi kavu,
akakivua kikombe changu ile yake,
na tukashuka kati ya mibetula hadi kituo cha basi,
ti, ti, ti,
wala hakuna aliyeniambia ninyamaze.